Dawa za kumeza kwa saratani ya ubongo iliyorudi: Majaribio ya awali yana maana gani?

SARATANI ya ubongo ikirudi baada ya upasuaji na mionzi, swali la kwanza la jamaa za mgonjwa huwa ni iwapo kuna dawa nyingine iliyosalia. Siku hizi jibu aghalabu hupatikana kwenye simu: kwamba katika nchi fulani kuna kidonge kipya kinachofanyiwa majaribio.

Kwa familia inayoishi Kayole, Dandora au Umoja, habari kama hiyo yaweza kuanzisha mchango, kuuzwa kwa ploti na safari ya kuomba viza. Kabla ya hatua hizo kuchukuliwa, ni muhimu jambo moja lieleweke. Jaribio la awamu ya kwanza halikupangwa ili limponye mgonjwa anayeshiriki. Hupangwa ili kujua ni kiasi gani cha dawa ambacho mwili wa binadamu unaweza kustahimili.

Tofauti hiyo si ngeni jijini Nairobi. Tangu miaka ya themanini, jiji hili limeshuhudia utafiti wa tiba uliozaa matunda, utafiti uliokwama na tangazo moja la dawa lililowavunja moyo maelfu ya wagonjwa. Historia hiyo ni mwongozo mzuri kwa yeyote anayetaka kujua majaribio ya awali humwahidi mgonjwa nini na hayamwahidi nini.

UVIMBE UNAORUDI

Miongoni mwa saratani zinazoanzia ubongoni kwa watu wazima, iliyo kali na inayopatikana zaidi huitwa glioblastoma. Haina mpaka ulio wazi. Seli zake hupenya katikati ya seli nzima za ubongo mithili ya mizizi ya nyasi, na daktari wa upasuaji hawezi kuzing'oa zote bila kumnyima mgonjwa uwezo wa kusema, kutembea au kukumbuka.

Ndiyo sababu uvimbe huo hurudi kwa takriban kila mgonjwa, na mara nyingi huchipuka karibu na pale ulipokatwa.

Matibabu yanayofuatwa duniani yalitokana na utafiti uliochapishwa mwaka wa 2005, uliohusisha wagonjwa 573 wa Ulaya na Kanada. Waliopewa mionzi pamoja na dawa ya kumeza iitwayo temozolomidi waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 14.6, ikilinganishwa na miezi 12.1 kwa waliopata mionzi pekee. Baada ya miaka miwili, asilimia 26.5 ya waliopewa dawa walikuwa hai, ilhali kwa wenzao ilikuwa asilimia 10.4.

Hayo ni maendeleo, lakini pia yanaonyesha ukubwa wa tatizo. Ugonjwa ukisharudi, hakuna tiba moja ambayo imethibitishwa kuwaongezea wagonjwa wengi muda mrefu wa kuishi. Hapo ndipo majaribio ya dawa mpya huingia.

Dalili za uvimbe ubongoni ni pamoja na maumivu ya kichwa yanayozidi asubuhi, kutapika, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kubadilika kwa usemi au tabia, na kifafa kinachomwanza mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa nacho. Dalili hii ya mwisho huwapotezea wengi wakati, kwa kuwa jamaa huidhania kuwa pepo au kurogwa, na mgonjwa hufikishwa hospitalini akiwa amechelewa.

Wakazi wengi wa Eastlands huanzia katika Hospitali ya Mama Lucy Kibaki au zahanati ya mtaani kabla ya kupewa rufaa hadi Hospitali Kuu ya Kitaifa ya Kenyatta (KNH). Huko, picha pekee haitoshi kuamua. Katika nchi zenye kifua kikuu na virusi vya ukimwi, kivimbe kinachoonekana ubongoni chaweza kuwa maambukizi wala si saratani. Hivyo basi, madaktari huhitaji kipande cha nyama ya uvimbe kipimwe katika maabara.

Tahadhari hiyo huhitajika pia wakati ugonjwa unapodhaniwa kuwa umerudi. Katika miezi mitatu ya kwanza baada ya mionzi, picha ya MRI yaweza kuonyesha uvimbe uliokua ilhali ni athari ya mionzi yenyewe. Mgonjwa huweza kuhesabiwa kuwa dawa imemshinda kumbe bado inamfaa.

UKUTA UNAOZUIA DAWA

Ubongo hulindwa na ukuta mwembamba wa seli zilizoshikamana kwenye mishipa midogo ya damu. Kazi yake ni kuzuia sumu na viini visiufikie ubongo. Ukuta huo haubagui: huzuia pia dawa nyingi zinazotibu saratani za matiti, mapafu au utumbo.

Dawa inayotarajiwa kufanya kazi ubongoni sharti iwe ndogo au iwe na uwezo wa kuyeyuka katika mafuta ili ipenye. Lomustini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1976, ni mojawapo. Prokabazini na temozolomidi pia hupenya. Zote tatu humezwa.

Kumeza kuna faida ambayo mkazi wa Eastlands anaielewa upesi. Mgonjwa hahitaji kulazwa wala kufungwa dripu kwa saa nyingi. Familia haihitaji kulipia kitanda, na mgonjwa dhaifu hapandi matatu mbili kila siku kutoka Komarock hadi katikati ya jiji na kisha hadi KNH.

Hata hivyo, dawa ya kumeza si dawa nyepesi. Lomustini hupewa mara moja tu kila baada ya wiki sita, kwa sababu chembe za damu hupungua polepole na hufikia kiwango cha chini kabisa wiki nne hadi sita baada ya kumezwa. Kuna wagonjwa katika nchi mbalimbali waliokufa kwa kuimeza kila siku wakidhani ni kama vidonge vingine. Kwa hiyo, watengenezaji huonya kwamba mgonjwa akabidhiwe dozi moja tu kwa wakati.

MGONJWA WATATU WATATU

Majaribio ya dawa kwa binadamu hufuata awamu. Awamu ya kwanza hutafuta kiasi salama. Ya pili huchunguza iwapo kuna dalili kwamba dawa inapunguza ugonjwa. Ya tatu huilinganisha dawa hiyo na matibabu yaliyopo, kwa wagonjwa wengi, na aghalabu kura ndiyo huamua nani apewe ipi.

Utaratibu uliozoeleka katika awamu ya kwanza ni wa wagonjwa watatu watatu. Watatu wa kwanza hupewa kiasi kidogo. Iwapo hakuna aliyepata madhara makubwa katika muda uliowekwa, watatu wengine hupewa kiasi kikubwa zaidi. Mmoja akidhurika, watatu zaidi huongezwa katika kiwango kile kile. Wawili wakidhurika, kiasi hakipandishwi tena, na kiwango kilichotangulia ndicho hupelekwa katika awamu ya pili.

Maana yake kwa mgonjwa ni nzito. Anayeingia mapema huenda akapewa kiasi kidogo kisichoweza kuugusa uvimbe. Anayeingia mwishoni huenda akapewa kiasi kinachomdhuru. Wote wawili wamewezesha swali kujibiwa, lakini hakuna hata mmoja aliyeahidiwa kupona.

Katika majaribio ya saratani, tofauti na yale ya dawa nyingine nyingi, wanaoshiriki awamu ya kwanza si watu wenye afya. Ni wagonjwa ambao tiba za kawaida zimeshindwa kuwasaidia, na kwa sababu hiyo wao ndio wenye matumaini makubwa zaidi na ndio walio rahisi zaidi kupotoshwa.

KIDONGE KILICHOFAULU

Historia ya temozolomidi huonyesha jinsi hatua hiyo ya awali inavyofanya kazi inapofanywa sawasawa. Dawa hiyo ilibuniwa na kundi la Malcolm Stevens katika Chuo Kikuu cha Aston, mjini Birmingham, Uingereza, katika miaka ya themanini.

Edward Newlands na wenzake wa Hospitali ya Charing Cross, London, walichapisha matokeo ya awamu ya kwanza mwaka wa 1992. Walianza kwa kuwapa wagonjwa 51 dozi moja nzima kwa wakati mmoja, kwanza kwa sindano kisha kwa mdomo. Manufaa yaliyoonekana yalikuwa haba.

Watafiti hawakuiacha dawa hiyo. Waliigawa dozi katika siku tano mfululizo kwa wagonjwa wengine 42. Ndipo uvimbe ulipoanza kupungua kwa baadhi yao, wakiwamo wagonjwa wawili waliokuwa na saratani kali ya ubongo iliyorudi.

Wagonjwa wawili si uthibitisho. Lakini walitosha kuonyesha pa kutafuta. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka wa 1999 kwa aina moja ya saratani ya ubongo iliyorudi, na mwaka wa 2005 kwa wagonjwa wapya wa glioblastoma. Utaratibu wa siku tano katika kila siku 28, uliogunduliwa katika awamu ya kwanza, ndio unaofuatwa hadi leo.

Mfano wa karibuni zaidi ni wa vorasidenibu. Katika awamu ya kwanza, iliyoripotiwa mwaka wa 2021, wagonjwa 52 wenye uvimbe wa ubongo uliorudi au uliokuwa ukikua walipewa viwango mbalimbali vya dawa hiyo ya kumeza. Ilipofika miligramu 100 kwenda juu, vipimo vya ini vya baadhi yao vilipanda, ingawa vilishuka baadaye.

Kwa sababu hiyo, utafiti mkubwa uliofuata ulitumia miligramu 40. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani Agosti 2024 kwa uvimbe unaokua polepole wenye badiliko maalumu la jeni. Haikuidhinishwa kwa glioblastoma.

NAIROBI NA KAMPALA

Kenya ina mfano wake wa majaribio ya mapema ya dawa za saratani za kumeza, na ndani yake mna dawa mbili zile zile zinazotumiwa kutibu saratani ya ubongo.

Saratani iliyolengwa haikuwa ya ubongo, bali ya tezi kwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Tiba ya kawaida ya saratani hiyo huhitaji dripu, vipimo vya mara kwa mara na wodi zenye uwezo wa kuwahudumia wagonjwa ambao kinga yao imeshuka. Mambo hayo yalikuwa adimu katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki.

Watafiti wa Kenya, Uganda na Marekani, wakiwamo Walter Mwanda wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Jackson Orem wa Taasisi ya Saratani ya Uganda na Scot Remick wa Marekani, walijaribu njia nyingine. Walichukua dawa nne za kumeza, yaani lomustini, etoposidi, siklofosfamidi na prokabazini, ambazo zilikuwa zimejaribiwa pamoja Marekani, na kupunguza dozi zake ili zilingane na hali ya wagonjwa wa hapa.

Wagonjwa 49 walishiriki, 28 kutoka Kenya na 21 kutoka Uganda. Wengi walifika wakiwa dhaifu: asilimia 63 hawakuweza kufanya kazi zao za kawaida. Ni asilimia 37 pekee waliokuwa wakipata dawa za kupunguza makali ya virusi. Matibabu yalikuwa mizunguko miwili ya wiki sita kila mmoja.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2009. Uvimbe ulipungua au kutoweka kwa asilimia 78 ya wagonjwa. Wastani wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 12.3, na asilimia 33 waliishi miaka mitano. Wagonjwa watatu, yaani asilimia sita, walikufa kutokana na matibabu yenyewe.

Takwimu hizo zina pande mbili na zinastahili kusomwa pamoja. Theluthi moja ya watu waliokuwa karibu na kifo walipata miaka mitano. Watu watatu walifupishiwa maisha na dawa walizokubali kumeza.

Utafiti huo pia haukuwa na kundi la kulinganisha. Ulionyesha kwamba matibabu ya kumeza yanawezekana katika mazingira ya Nairobi na Kampala. Haukuweza kusema iwapo ni bora kuliko dripu, na watafiti hawakudai hivyo.

TANGAZO LILILOTANGULIA USHAHIDI

Wakenya wenye umri wa kutosha wanakumbuka mfano ulio kinyume cha huo. Mwaka wa 1990, ukimwi ukiwa hauna tiba, Taasisi ya Utafiti wa Matibabu nchini (KEMRI) ilitoa ripoti kuhusu Kemron, dawa ya interferoni ya kiwango cha chini iliyowekwa mdomoni. Wagonjwa walisemekana kupata nafuu kubwa. Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, aliitangazia dunia habari hizo.

Matumaini yalienea kutoka Nairobi hadi Marekani, na wagonjwa wakaitafuta dawa hiyo kwa udi na uvumba. Lakini ripoti ya kwanza ilitokana na wagonjwa wachache ambao hawakulinganishwa na wengine wasioitumia. Majaribio yaliyofuata katika nchi kadhaa, yakiwamo yaliyosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, hayakuona manufaa yaliyodaiwa.

Kosa halikuwa kuijaribu dawa hiyo. Kosa lilikuwa kulichukua jibu la hatua ya mapema na kulitangaza kana kwamba ni la mwisho.

Saratani ya ubongo nayo ina visa vyake vya namna hiyo. Enzastaurini, dawa nyingine ya kumeza, ilionekana kupunguza uvimbe kwa baadhi ya wagonjwa katika majaribio ya mapema. Ilipolinganishwa na lomustini kwa wagonjwa 266 wa glioblastoma iliyorudi, haikuishinda. Kwa mujibu wa matokeo ya mwaka wa 2010, wastani wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 6.6 kwa waliopewa dawa mpya na 7.1 kwa waliopewa ile ya zamani.

Mgonjwa ambaye familia yake ingetumia akiba yote kuifuata enzastaurini ng'ambo hangepata chochote ambacho lomustini haingempa.

WANAWAKE WA MAJENGO

Katika Eastlands kwenyewe, mtaa wa Majengo ulioko Pumwani umekuwa na uhusiano wa muda mrefu na utafiti wa tiba. Tangu mwaka wa 1985, Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Manitoba nchini Kanada vimefuatilia afya ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono mtaani humo. Iligunduliwa kwamba baadhi yao hawakuambukizwa virusi vya ukimwi ingawa walikabiliwa navyo mara nyingi.

Ugunduzi huo ulichangia kubuniwa kwa chanjo iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Oxford na kile cha Nairobi. Awamu ya kwanza ya majaribio ilianza Nairobi mwaka wa 2001. Mwaka wa 2004 ilibainika kwamba kinga iliyoamshwa na chanjo hiyo ilikuwa ndogo mno, na mpango ukasitishwa.

Kuna waliouona mwisho huo kuwa aibu. Kwa hakika, ndivyo awamu ya kwanza na zinazoifuata mara moja zinavyopaswa kufanya: kutoa jibu mapema, hata liwe la hapana, kabla ya maelfu ya watu kupewa kitu kisichowafaa.

Majengo iliacha pia swali ambalo bado linaulizwa katika kila utafiti: watu wanaotoa damu na wakati wao hupata nini? Wanawake hao walipata kliniki na matibabu. Iwapo hayo yanatosha ni mjadala ambao haujafungwa, na mshiriki yeyote ana haki ya kuuanzisha kabla ya kutia sahihi.

DAWA MPYA NA VIPIMO VYAKE

Agosti 2025, Marekani iliidhinisha kwa masharti dordaviproni, dawa inayomezwa mara moja kwa wiki, kwa uvimbe wa katikati ya ubongo unaoendelea kukua baada ya matibabu na wenye badiliko la jeni liitwalo H3 K27M. Uamuzi huo ulitokana na wagonjwa 50. Uvimbe ulipungua kwa asilimia 22 kati yao.

Dawa hiyo na vorasidenibu zinafanana kwa jambo moja. Zote hazitolewi kwa kila mwenye saratani ya ubongo, bali kwa yule ambaye uvimbe wake una badiliko fulani. Bila kipimo, mgonjwa hawezi kujua iwapo zinamhusu.

Hilo linaipa familia kazi ambayo haihitaji fedha nyingi: kutunza kumbukumbu. Ripoti ya maabara ya upasuaji wa kwanza, picha zote za MRI, orodha ya dawa na tarehe za mionzi zihifadhiwe pamoja. Familia iulize pia ni hospitali gani iliyohifadhi kipande cha uvimbe, kwani kipande hicho chaweza kupimwa hata miaka kadhaa baadaye.

MASWALI KABLA YA KUTIA SAHIHI

Nchini Kenya, jaribio la dawa kwa binadamu haliwezi kuanza bila idhini ya kamati ya maadili, kama ile ya pamoja ya KNH na Chuo Kikuu cha Nairobi, na ya Bodi ya Dawa na Sumu (PPB). Watafiti huhitaji pia leseni ya tume ya kitaifa ya sayansi, NACOSTI. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inataka mgonjwa apewe maelezo anayoyaelewa kabla ya kukubali.

Mgonjwa ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili, kupewa nakala ya fomu, na kurudi nayo nyumbani ili ashauriane na jamaa zake. Ana haki pia ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu ya kawaida.

Swali la kwanza la kuuliza ni la awamu: je, hili ni jaribio la kutafuta kiasi salama, au la kulinganisha dawa mbili? La pili ni idadi ya watu waliokwisha kumeza dawa hiyo na yaliyowapata. La tatu ni tiba ambayo mgonjwa atakosa iwapo atashiriki.

La nne ni gharama. Kwa kawaida mshiriki halipishwi dawa inayojaribiwa. Anayetakiwa kutoa maelfu ya shilingi ili aingizwe katika jaribio ana sababu ya kutia shaka na ya kuuliza PPB iwapo jaribio hilo linajulikana. Nauli, vipimo vya damu na picha za MRI ni gharama nyingine, na ni vyema iandikwe ni nani atazilipia.

La tano ni madhara. Nani atamtibu mshiriki akidhurika, na kuna bima gani? Jibu lisiwe la mdomo pekee. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, huhusika na matibabu ya kawaida. Wajibu wa jaribio ni wa wanaoliendesha.

Saratani ya ubongo yaweza kumnyima mgonjwa uwezo wa kuelewa na kuamua. Familia ifanye mazungumzo hayo mapema, angali anaweza kusema mwenyewe analotaka.

VIDONGE VIKIWA NYUMBANI

Kwa wanaotumia dawa za kumeza, ziwe za majaribio au zilizoidhinishwa, kuna kanuni za msingi. Kapsuli zisifunguliwe wala kutafunwa. Wajawazito wasizishike. Ziwekwe mbali na watoto, jambo ambalo huhitaji uangalifu zaidi katika nyumba ya chumba kimoja. Dozi iliyotapikwa isirudiwe kabla ya kuuliza kliniki.

Homa kwa mgonjwa anayetumia dawa hizi si jambo la kusubiri asubuhi. Huenda chembe zake za kinga zimeisha, na maambukizi madogo yaweza kumuua kwa muda mfupi. Apelekwe hospitalini mara moja, pamoja na pakiti ya dawa anayotumia.

Mgonjwa anayeamua kutoshiriki jaribio lolote hajakata tamaa wala hajaachwa. Dawa za kupunguza uvimbe wa maji ubongoni, za kuzuia kifafa na za maumivu humpa saa nyingi za utulivu. Hospisi ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1990 karibu na KNH, huwahudumia wagonjwa kama hao na kuwashauri jamaa zao. Huduma hiyo yaweza kuanza wakati ule ule mgonjwa anapoendelea na tiba nyingine, na si lazima isubiriwe hadi dakika ya mwisho.